BIMA YA SEHEMU ZA PAMOJA KATIKA MAJUMBA YA FLETI ZA MAPUMZIKO NCHI ZA NJE
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Mazungumzo haya yanahusu jambo ambalo watu wengi hulifikiria baada ya hasara kutokea, na mara chache kabla yake. Jambo lenyewe ni bima ya sehemu za pamoja katika majumba ya fleti yaliyojengwa kwa ajili ya mapumziko, hasa yale yaliyopo katika nchi za nje.

Huenda akatokea mtu akauliza mada hii inamhusu vipi mkaazi wa Unguja au Pemba. Jawabu lake ni jepesi. Wapo Wazanzibari wanaoishi Ghuba, Ulaya na Amerika ya Kaskazini ambao wamenunua fleti huko waliko, na wapo jamaa zao waliobaki nyumbani ambao hurithi mali hizo au hutakiwa kuzisimamia kwa niaba yao. Aidha, tangu ilipopitishwa Sheria ya Kondominiamu Nam. 10 ya mwaka 2010, Zanzibar nayo ina utaratibu wa kisheria wa mtu kumiliki fleti moja ndani ya jengo lenye wamiliki wengi, na fleti za namna hiyo zinauzwa kwa wenyeji na kwa wageni. Hivyo basi, yaliyowafika watu wa nchi nyengine yanafaa yajulikane hapa mapema, kwani mwenye busara hunyolewa kwa maji, naye asiye busara hungoja kunyolewa kavu.

ANACHONUNUA MWENYE FLETI

Mtu anayejenga nyumba ya chini katika kiwanja chake huwa na paa lake, kuta zake na uwanja wake. Likivuja paa, yeye ndiye atakayelitengeneza, na asipolitengeneza atavujiwa yeye na watu wa nyumbani kwake. Fleti haiko hivyo. Anayenunua fleti hununua vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni vyumba vilivyomo ndani ya mlango wake, ambavyo ni vyake peke yake. Cha pili ni hisa katika kila kitu kilicho nje ya mlango huo, yaani msingi, nguzo, kuta za nje, paa, ngazi, lifti, ujia, mabomba makuu ya maji safi na machafu, nyaya kuu za umeme, bustani, maegesho ya gari na bwawa la kuogelea.

Hisa hiyo ya pili ndiyo inayosahauliwa. Mnunuzi huonyeshwa sebule, jiko na baraza inayotazama bahari, naye hufurahi. Hakuna anayempeleka juu kuangalia paa, wala chini kuangalia pampu na mabomba. Hata hivyo, tangu siku aliyotia saini, paa na pampu hizo ni mali yake kwa kadiri ya hisa yake, na madhara yatakayotokana nazo ni deni lake kwa kadiri ile ile.

Kutokana na hali hiyo, bima anayokata mtu kwa ajili ya fleti yake, hata ikiwa nzuri namna gani, haitoshi. Bima ile hulinda vyombo vyake, rangi zake na milango yake. Likiungua paa la wote, au ikimwangukia mpita njia sehemu ya ukuta wa nje, itaulizwa bima ya wote. Na ikiwa bima hiyo haipo, au ipo lakini ni pungufu, kitakachotafutwa ni mifuko ya wenye fleti.

MFANO WA HISPANIA

Hispania inafaa kutolewa mfano, kwa kuwa katika mwambao wake wa kusini na mashariki, na katika visiwa vya Balearic na Canary, kuna fleti nyingi za mapumziko zinazomilikiwa na watu wa nchi nyengine za Ulaya. Wengi wao hukaa humo wiki chache tu kwa mwaka, na muda uliobaki fleti hufungwa au hukodishwa.

Umiliki wa fleti nchini humo unaongozwa na Sheria Nam. 49 ya mwaka 1960, ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Kwa mujibu wa sheria hiyo, wenye fleti wote wa jengo moja huunda jumuiya. Hisa ya kila fleti huandikwa kwa asilimia, na asilimia hiyo ndiyo kipimo cha mchango wa kila mmoja. Mkutano mkuu hufanyika angalau mara moja kwa mwaka ili kupitisha hesabu na makadirio. Mwenyekiti lazima awe mmoja wa wenye fleti. Tena jumuiya hutakiwa kuwa na mfuko wa akiba usiopungua asilimia 10 ya makadirio yake ya kawaida. Kabla ya marekebisho ya mwaka 2019 kiwango hicho kilikuwa asilimia 5. Sheria inaruhusu fedha za mfuko huo zitumike pia kulipia bima ya jengo.

Kwa nchi nzima, sheria hiyo haikulazimisha kila jumuiya kukata bima. Jimbo la Madrid na jimbo la Valencia, ambalo ndani yake umo mji wa mapumziko wa Benidorm, yameweka sharti hilo kwa sheria zao wenyewe. Kwengineko uamuzi umeachwa kwa wenye fleti. Kwa hivyo, mtu anaweza kununua fleti katika mji mmoja akakuta bima ni lazima, na akanunua nyengine katika mji mwengine akakuta jambo hilo linategemea kura za mkutano. Aliyeizoea hali ya kwanza hudhani kuwa ndivyo ilivyo kila pahala, na hapo ndipo anapokosea.

Faida ya kuwa na bima ya jumuiya ilionekana katika mji wa Valencia tarehe 22 Februari, 2024, pale moto uliosukumwa na upepo mkali ulipolishika jengo la makaazi lenye fleti 138 katika mtaa wa Campanar. Watu 10 walifariki dunia. Moto haukuchagua mlango. Ulipita katika ukuta wa nje, ambao ni mali ya wote, ukaingia katika fleti moja baada ya nyengine. Jumuiya ya jengo lile ilikuwa na bima. Bima haimrejeshi aliyekufa, lakini aliyenusurika hubaki na njia ya kudai fidia ya jengo lake, badala ya kubaki na funguo za nyumba isiyokuwepo.

BIMA INAYOLINDA NINI

Bima ya jumuiya huwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza hulinda jengo lenyewe dhidi ya moto, mripuko, radi, upepo wa dhoruba, na maji yanayotoka katika mabomba ya pamoja. Mkono wa pili hulinda jumuiya dhidi ya madai ya watu wengine: mtoto aliyeumia katika bwawa, mgeni aliyeteleza katika ngazi, au gari iliyoangukiwa na vigae vya paa. Wenye fleti wengi huuangalia mkono wa kwanza tu, ilhali dai moja la mtu aliyepoteza viungo linaweza kuwa kubwa kuliko gharama za kulitengeneza paa zima.

Inapasa pia kuangaliwa mpaka uliopo baina ya bima ya jumuiya na bima ya fleti. Zipo hati za bima zinazolinda jengo zima pamoja na kuta za ndani ya fleti, na zipo zinazolinda sehemu za pamoja peke yake. Mwenye fleti asiyeijua hati ya jumuiya yake hufikwa na mojawapo ya mambo mawili. Ama hulipia kitu kimoja mara mbili, au huacha kitu kisichokatiwa bima na upande wowote. Hali kadhalika, bwawa, ukuta wa uwanja, bustani na taa za nje huweza kuachwa nje ya hati iwapo hazikutajwa wakati wa kuiandika.

Jambo jengine ni ukweli wa maelezo. Sheria ya mikataba ya bima ya Hispania, Nam. 50 ya mwaka 1980, inamtaka mkata bima ajibu kwa ukweli maswali anayoulizwa na kampuni, na aiarifu kampuni pale hatari inapoongezeka. Jengo linalokaliwa na wenyewe mwaka mzima halilingani na jengo ambalo nusu ya fleti zake zimefungwa miezi minane, ambamo bomba likipasuka maji humwagika mpaka yaonekane katika dari ya jirani. Wala halilingani na jengo linalobadilisha wapangaji kila wiki. Tangu tarehe 3 Aprili, 2025, anayetaka kuanza kuikodisha fleti yake kwa watalii nchini Hispania anahitaji kwanza idhini ya wenziwe wa jumuiya, kwa wingi wa tatu juu ya tano. Idhini hiyo ikitolewa, ni wajibu wa jumuiya kuangalia iwapo hati yake ya bima inaitambua kazi hiyo mpya.

MAJANGA MAKUBWA

Kwa upande wa mafuriko ya mto au bahari, tetemeko la ardhi na mripuko wa volkano, Hispania ina utaratibu wake maalumu. Fidia ya mambo hayo hutolewa na chombo cha umma kiitwacho Consorcio de Compensación de Seguros, na fedha zake hutokana na nyongeza ndogo inayotozwa juu ya ada za bima. Hata hivyo, mlango wa chombo hicho una ufunguo mmoja tu: mwenye mali awe na hati ya bima ya kampuni. Asiyekata bima hana pa kuingilia. Aidha, hati mpya huanza kufanya kazi kwa majanga hayo baada ya siku 7, ili watu wasikimbilie bima wakati maji yameshafika kizingitini.

Kisiwa cha La Palma, mojawapo ya visiwa vya Canary, kiliushuhudia utaratibu huo mwaka 2021. Volkano ilianza kuripuka tarehe 19 Septemba na ikanyamaza tarehe 13 Disemba. Moto wake wa mawe ulifukia zaidi ya majengo 1,000. Wenye hati za bima walilipwa kwa mujibu wa thamani iliyoandikwa katika hati zao. Wasiokuwa nazo walibaki kutegemea misaada ya Serikali na ya wahisani. Ifahamike kuwa volkano iliwapiga wote kwa mkono mmoja, na kilichowatofautisha ni karatasi iliyoandikwa kabla yake.

BIMA PUNGUFU

Khatari iliyojificha zaidi kuliko kukosa bima ni kuwa na bima pungufu. Jumuiya nyingi huandika thamani ya jengo mara moja, kisha huiacha miaka kumi au ishirini bila ya kuipitia upya, ili ada isipande. Wakati huo bei ya saruji, chuma na ujira wa mafundi haikungoja.

Sheria ya bima ya Hispania, kama zilivyo sheria za nchi nyingi, ina kanuni ya uwiano. Ikiwa thamani iliyokatiwa bima ni ndogo kuliko thamani ya kweli, kampuni hulipa sehemu ile ile ya hasara, isipokuwa kama pande zote mbili zimekubaliana vyengine. Na tuchukuliwe mfano wa hesabu. Jengo lina fleti 80 zenye hisa sawa. Thamani yake ya kweli ni euro milioni 10, lakini bima iliandikwa kwa euro milioni 6. Moto unaunguza paa na ngazi, na hasara ni euro milioni 1. Mtu wa kawaida atasema kuwa milioni 1 imo ndani ya milioni 6, kwa hivyo kampuni italipa yote. Sivyo. Jengo limekatiwa bima kwa sehemu 6 katika 10, na kampuni italipa euro 600,000. Zilizobaki 400,000 zitagaiwa kwa fleti 80, na kila mwenye fleti atatakiwa alete euro 5,000. Aliyekuwa amelipa michango yake yote kwa wakati hatasamehewa, kwa kuwa upungufu haukuwa katika mchango wake, bali ulikuwa katika hati ambayo hakuwahi kuiomba aisome.

DENI HUMFUATA MWENYE FLETI

Baadhi ya watu hudhani kuwa umbali ni kinga, na kwamba deni la jumuiya iliyopo ng'ambo haliwezi kumfikia mtu aliyekaa nyumbani kwake. Sheria ya Hispania inasema vyengine. Mwenye kuidai jumuiya hulipwa kwanza kutokana na fedha za jumuiya. Zisipotosha, ana haki ya kumfuata kila mwenye fleti aliyehusishwa katika shauri, kwa kiasi cha hisa yake. Naye anayenunua fleti kutoka kwa mtu mwengine huchukua pamoja na funguo zake deni la michango ya mwaka ule na ya miaka mitatu iliyotangulia. Fleti yenyewe ndiyo dhamana.

Kuhusu barua na wito wa mikutano, mwenye fleti hutakiwa amwarifu katibu wa jumuiya anuani iliyomo ndani ya Hispania. Asipofanya hivyo, barua hupelekwa katika fleti yake, na huhesabiwa kuwa zimemfika. Ikishindikana, tangazo hubandikwa katika ubao wa jumuiya, na baada ya siku 3 huwa limetimiza kazi yake. Tena, kwa maamuzi mengi ya mkutano, aliyearifiwa uamuzi na asiupinge ndani ya siku 30 huhesabiwa kuwa ameukubali. Mtu anaweza kuwa Wete au Makunduchi, hana habari, na huku sheria inamhesabu kuwa anajua na ameridhia. Waliosema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari hawakukosea.

Kutolipa nako hakumdhuru asiyelipa peke yake. Ada ya bima hutolewa katika michango ya wote. Michango isipoingia, ada hailipwi, na kwa mujibu wa sheria ya Hispania, mwezi mmoja baada ya tarehe ya malipo ya kuendeleza hati, ulinzi husimama mpaka ada ilipwe. Hivyo basi, anayezuia mchango wake anamvua bima jirani yake aliyelipa. Jambo hilo ni dhulma, hata kama halikukusudiwa.

TUKIO LA FLORIDA

Mfano wenye uzito zaidi ulitokea Marekani, katika mji mdogo wa Surfside, jimbo la Florida, ufukweni mwa bahari ya Atlantiki. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Juni, 2021, sehemu kubwa ya jengo la Champlain Towers South iliporomoka watu wakiwa wamelala. Watu 98 walifariki dunia. Jengo lilikuwa la ghorofa 12 na fleti 136, nalo lilijengwa mwaka 1981. Baadhi ya wenyewe walikuwa wakaazi wa kudumu, na wengine waliziweka fleti zao kwa ajili ya likizo.

Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na jumuiya aliandika kwamba kinga ya maji chini ya uwanja wa bwawa imeshindwa kazi na zege linaharibika. Makadirio ya matengenezo yalikuwa takriban dola milioni 9. Wenye fleti walivutana juu ya gharama. Ilipofika mwaka 2021, mchango ulioamuliwa ulikuwa umefikia takriban dola milioni 15, na kabla ya kazi kubwa kuanza, jengo lilianguka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na wale hata ukuta hawakuwahi kuujenga.

Bima za jumuiya ile kwa jengo na kwa madai ya watu zilikuwa takriban dola milioni 50. Makubaliano yaliyopitishwa na mahakama mwezi wa Juni, 2022 kwa ajili ya wafiwa na majeruhi yalizidi dola bilioni 1, na sehemu kubwa sana ya fedha hizo ilitoka kwa makampuni na watu wengine walioshitakiwa, nje ya jumuiya. Wenye fleti walionusurika walikuwa na mitihani miwili: wamepoteza makaazi, na jumuiya yao imeshitakiwa, ikiwa na maana kwamba wao wenyewe wangeweza kudaiwa. Makubaliano ya mahakamani ya mwaka huo huo ndiyo yaliyowaondolea dai hilo, wakagaiwa dola milioni 96 kwa ajili ya fleti zote. Kiwanja kiliuzwa kwa dola milioni 120 kwa kampuni ya Dubai.

Kutokana na msiba huo, jimbo la Florida lilipitisha sheria mwaka 2022 inayolazimisha majengo ya namna hiyo, ya ghorofa tatu na zaidi, yakaguliwe yakifikia umri maalumu, na jumuiya ziweke akiba ya kweli kwa matengenezo makubwa. Funzo lililomo ni kwamba bima na matengenezo ni ndugu. Kampuni ya bima hulipa kwa tukio la ghafla. Hailipi kwa kutu iliyoachwa ikala chuma miaka kumi.

DUBAI NA SUALA LA SHARIA

Huko Dubai, ambako Wazanzibari wengi hufika kwa biashara na baadhi yao wamefanya makaazi, mambo haya yanaongozwa na Sheria Nam. 6 ya mwaka 2019, iliyochukua nafasi ya ile Nam. 27 ya mwaka 2007. Kazi ya kukata bima ya jengo imewekwa juu ya chombo kinachosimamia jengo, na gharama yake huingizwa katika ada ya huduma. Utaratibu huo humpunguzia mwenye fleti usumbufu, lakini haumwondolei haja ya kuiomba hati aione.

Wapo Waislamu wanaojizuia na bima kwa kuchelea kuingia katika jambo lenye gharari. Wasiwasi huo una msingi, nao ulizungumzwa na wanavyuoni. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1985, liliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu haijuzu, na likaielekeza jamii kwenye bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya kusaidiana na kuchangiana. Bima hiyo ndiyo inayoitwa takaful, ambayo kampuni yake ya mwanzo ilianzishwa Sudan mwaka 1979. Mwenye dhamiri hiyo na awahi kuulizia takaful pale inapopatikana, na awatake ushauri wanavyuoni juu ya nchi ambazo sheria yake inamlazimisha kukata bima. Lakini kuacha mambo yaende yenyewe hakuwezi kuitwa tawakkul. Bedui aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya ngamia wake aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

MAMBO YA KUFANYA

Ndugu Wananchi, anayetaka kununua fleti katika nchi ya nje, au aliyerithi, au aliyepewa uwakala wa kuisimamia, inampasa atimize mambo yafuatayo:

1. Aombe nakala ya hati ya bima ya jumuiya pamoja na risiti ya malipo ya mwisho. Kuambiwa kwa mdomo kuwa bima ipo hakutoshi.

2. Aangalie thamani iliyoandikwa katika hati, na tarehe ambayo jengo lilithaminiwa mara ya mwisho. Thamani inayotakiwa ni ya gharama za kulijenga upya, ambayo si sawa na bei ya kuuzia.

3. Aangalie kiwango cha ulinzi dhidi ya madai ya watu wengine, na iwapo bwawa, lifti na maegesho vimetajwa.

4. Aulize kiasi ambacho jumuiya hubeba wenyewe kabla ya kampuni kuanza kulipa, na mambo yaliyotolewa nje ya hati.

5. Alinganishe hati hiyo na bima ya fleti yake, ili pasiwe na pengo baina yao.

6. Asome kumbukumbu za mikutano ya miaka mitatu iliyopita na ripoti yoyote ya mhandisi. Ufa uliokwisha kuandikwa katika kumbukumbu haujifichi tena.

7. Apate cheti cha jumuiya kinachoonyesha kuwa muuzaji hadaiwi, na mara baada ya kununua atoe anuani inayofanya kazi, alipe michango kwa wakati, na amteue mtu wa kumwakilisha katika mikutano.

8. Awaarifu watu wake wa nyumbani zilipo karatasi zote hizo. Mirathi ya fleti ambayo warithi hawaijui hati yake huwa ni mirathi ya madeni.

HAPA NYUMBANI

Zanzibar inayajua maisha ya ghorofa tangu zamani. Majumba ya Michenzani yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 yamelea vizazi, na kila aliyekulia humo anajua kuwa ngazi ni ya wote, na kwamba kitu cha wote kisipokuwa na msimamizi huwa si cha mtu. Fleti mpya zinazouzwa chini ya Sheria ya mwaka 2010 zitazeeka nazo. Zipo pembezoni mwa bahari, na chumvi ya bahari haiogopi zege la Unguja kama isivyoogopa la Florida. Nchi inalo Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969, na ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania ambayo huyasimamia makampuni ya bima na kupokea malalamiko ya wananchi. Kilichobaki ni wenye fleti kuulizana, wakati majengo bado ni mapya na ada bado ni nafuu, ni nani aliyeishika hati ya bima ya paa lao, na imeandikwa kwa kiasi gani.

Ikiwa hakuna anayeweza kulijibu suala hilo katika mkutano wa kwanza, basi hilo liwe ndilo ajenda ya mkutano wa pili.